Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Albamu za Indie za Hispania na Katalonia, Mwaka 2021

Ndugu Mlezi wa chama chetu cha kusikiliza muziki, Ndugu Katibu, Dada Mweka Hazina, ninyi wanachama mliofika, pamoja na wale watakaoisoma taarifa hii kwenye simu wakiwa kitandani: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo.

Shughuli za kawaida mnazijua, sina haja ya kuzirefusha. Hadi Mei, kwa sababu ya amri ya korona ya kutotoka nje kuanzia saa nne usiku, tulisikiliza albamu zetu za indie, yaani muziki huru, kwa njia ya intaneti, kila mtu kwake. Tangu Juni tumerudi kwenye chumba chetu cha Poble-sec, hapa Barcelona. Tarehe 27 Machi baadhi yetu tulikuwa miongoni mwa watu 5,000 walioingia Palau Sant Jordi kuiona bendi ya Love of Lesbian, tukiwa tumechokonolewa pua siku hiyohiyo na kuvaa barakoa mwanzo hadi mwisho. Tamasha la Primavera Sound halikufanyika kwa mwaka wa pili mfululizo, kwa hiyo safari yetu ya kikundi bado iko kwenye karatasi. Sindano ya kinanda cha santuri imebadilishwa; aliyeinunua anajulikana na fedha zake hajazidai. Kumekuwa na harusi moja, mtoto mmoja na msiba mmoja, na kote chama kilionekana.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe, maana najua kuna waliokuja kwa ajili ya hilo tu na wataondoka nikilimaliza.

Kura za albamu bora ya mwaka zilipigwa Desemba. Walipiga watu 17. "El Madrileño" ya C. Tangana ilipata kura 9, "Clamor" ya Maria Arnal i Marcel Bagés ikapata 6, na mbili zilizobaki zikaenda kwingine. Mimi, kwa mamlaka niliyopewa na katiba, nikaiondoa "El Madrileño" kwenye orodha na kuitangaza "Clamor" kuwa mshindi. Tangu siku hiyo nimeitwa dikteta, nimeitwa mwizi wa kura, na mjumbe mmoja ametuma kwenye kundi la WhatsApp picha ya mfalme aliyepachikwa kichwa changu. Picha siijibu. Nitajibu hoja.

Ibara ya 4 ya katiba yetu inasema albamu inayoshindanishwa iwe imetolewa na lebo, yaani kampuni ya kutoa muziki, isiyomilikiwa na kampuni kubwa ya kimataifa. Haisemi iwe nzuri, haisemi iwe imependwa na wengi, wala haisemi msanii awe na pesa kidogo. Kabla ya kutangaza matokeo nililichukua jalada la "El Madrileño", nikaligeuza, nikasogea kwenye taa na kusoma yale maandishi madogo kama chawa yaliyo chini kabisa, ambayo mwanachama wa kawaida hayasomi. Sony Music. Kesi ikaishia hapo. Dada Mweka Hazina alikuwepo, naye aliyasoma kwa miwani yake mwenyewe.

Nieleweke vizuri: hakuna aliyesema albamu ile ni mbaya. Antón Álvarez, ndiye huyo C. Tangana, kijana wa Madrid aliyeanza kwa kurap, amekwenda kumtafuta Eliades Ochoa wa Kuba, Toquinho wa Brazili, José Feliciano na wazee wa Gipsy Kings, akawaweka meza moja, na mtayarishaji Alizzz wa hapo Castelldefels akaifunga kazi yote kwa ustadi mkubwa. "Tú me dejaste de querer" mimi mwenyewe niliipiga kwenye ile harusi niliyoitaja, na waliocheza kuliko wote ndio hao wanaoniita dikteta. Lakini ukiiingiza "El Madrileño" kwenye orodha ya muziki huru, basi hakuna tena kitu ambacho hakiwezi kuingia, na hiki chama tukifunge tubaki tunasikiliza redio.

Sheria ni msumeno. Love of Lesbian nao walitoa "V.E.H.N." mwaka 2021, na wao wako Warner. Ni bendi ninayoipenda tangu nilipofika nchi hii, na nilikuwa Palau Sant Jordi nikiimba ndani ya barakoa hadi ikalowa. Nao niliwaondoa. Mbona hapo hakuna aliyelalamika?

Hoja ya pili iliyoletwa ni kwamba mwaka 2018 chama hikihiki kilimpa ushindi mwimbaji Rosalía kwa "El mal querer", na ile nayo ilitolewa na Sony. Ni kweli. Ila mwaka 2018 mwenyekiti sikuwa mimi. Nilikuwa mjumbe tu wa kamati, na msimamo wangu wa siku ile umo kwenye muhtasari wa kikao. Isitoshe, waliompigia walikuwa na sababu yao: kazi ile ilianza kama mradi wake wa kuhitimu pale ESMUC, shule ya juu ya muziki hapa Barcelona, ikajengwa juu ya hadithi ya karne ya 13 ya Kioksitania, lugha ya kusini mwa Ufaransa, iitwayo "Flamenca", na akaipika na mtayarishaji El Guincho kabla dunia haijamjua. Tulikubaliana kufumba jicho. Ugomvi uliofuata ndio uliofanya ibara ya 4 iandikwe mwaka 2019, nami ndiye niliyeiandika, na mliinyooshea mikono ninyi wenyewe. Sasa mtu aniambie: ibara iliyozaliwa na jambo fulani, niivunje jambo hilohilo linaporudi?

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na nampongeza aliyeileta, ingawa aliileta kwa kelele. Alisema kwamba bendi ya Los Planetas wa Granada, ambao kila mtu Hispania anawaita wazee wa indie, walitoa albamu yao ya kwanza, "Super 8", mwaka 1994 kupitia RCA, lebo ya kampuni kubwa. Kwa hiyo, anasema, indie ya nchi hii tangu mwanzo haikuwa suala la lebo bali la sauti, la namna ya kuimba kana kwamba mtu ana usingizi na gitaa limefunikwa blanketi. Nimeifikiria hoja hiyo kwa muda mrefu. Jibu langu ni hili. Ukifuata sauti, kila mtu ana sikio lake na hatutamaliza kikao hata kimoja bila kununiana. Ukifuata lebo, unageuza jalada unasoma. Na kuna historia upande wangu pia. Bendi ya Vetusta Morla wa Tres Cantos walianzisha lebo yao, Pequeño Salto Mortal, ndiyo iliyotoa "Un día en el mundo" mwaka 2008. Miaka kumi baadaye walijaza watu 38,000 pale Caja Mágica, Madrid, wakiwa bado wanajimiliki. Mwezi Novemba wametoa "Cable a Tierra", pamoja na ngoma na sauti za vikundi vya asili vya El Naán na Aliboria, kwa lebo ileile. Kwa hiyo anayesema ibara ya 4 inawaadhibu waliofanikiwa, awaangalie hao. Anaweza kurudi nyuma zaidi kwa Dover, bendi ya akina dada Llanos, ambao "Devil Came to Me" yao ya 1997 ilitoka Subterfuge, lebo huru, na ikauza kwa mamia ya maelfu. Ibara yangu haina ugomvi na pesa. Inauliza tu nani mwenye mali.

Na "Clamor" haikupewa zawadi ya huruma. Maria Arnal wa Badalona na Marcel Bagés wa Flix ndio waliotupa "45 cerebros y 1 corazón" mwaka 2017, albamu iliyopata jina lake kutoka kaburi la halaiki la La Pedraja, mkoani Burgos, ambako wafukuaji walikuta ubongo wa watu 45 na moyo mmoja ambavyo havikuoza tangu mauaji ya 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Safari ile walikuwa na gitaa na sauti, basi. Safari hii wameingia kwenye mashine, Kronos Quartet wanapiga nyuzi, na mada si waliokufa jana bali dunia inayokwisha. Mle ndani wameweka "El cant de la Sibil·la", wimbo wa Siku ya Hukumu ambao kila mkesha wa Krismasi huko Mallorca huimbwa kanisani na mtoto aliyeshika upanga mbele ya uso wake. Tulipoipiga hapa chumbani, Mzee wetu Mlezi, ambaye alikuwa amesinzia tangu upande wa kwanza, alifumbua macho akauliza, "Hii kasida ya wapi?" Hakuna aliyemjibu mpaka wimbo ulipoisha. Waliokuwepo wanajua ninachosema. Walikuwa wachache, na hilo nalifikia.

Albamu nyingine nizitaje haraka. "Fiat Lux" ya Tarta Relena, wasichana wawili na sauti mbili, ilikuwa ya pili kwenye hesabu yangu binafsi. Watu wawili wakisimama karibu namna ile na kupishana pumzi, ala nyingi huwa hazina kazi. "Parc" ya Ferran Palau wa Collbató ni ya kusikiliza kwa sauti ya chini, wenyewe wanaita muziki huo pop ya kimetafizikia, na mimi naona ni jina kubwa kuliko nyimbo, lakini nyimbo ni nzuri. Califato ¾ wa Sevilla, kwa "La contraçeña", wameandika majina ya nyimbo kwa tahajia ya Kiandalusia, lahaja ya kwao, na kuchanganya bendi za Wiki Takatifu na ngoma za disko. Vijana walitaka irudiwe, majirani hawakutaka. "Embruxo" ya Baiuca imeimbwa Kigalicia, na kuna aliyeuliza kama inaruhusiwa kwa kuwa chama kinasema Hispania na Katalonia. Galicia iko wapi, ndugu, kama si Hispania? Iliruhusiwa.

Kuhusu albamu ya mwimbaji Zahara wa Úbeda, jina lake ni tusi alilokuwa akiitwa na watoto wenzake shuleni, na kwa heshima ya wazee silisomi hapa. Aliitoa kwa lebo yake mwenyewe, kwa hiyo ibara ya 4 aliivuka bila shida. Mji wa Toledo ndio uliomshinda, mabango ya onyesho lake yalipoondolewa. Na mji huohuo, wiki chache baadaye, ukawaka tena kwa video ya C. Tangana na Nathy Peluso iliyopigwa ndani ya kanisa kuu, hadi dekano wa kanisa akatangaza kujiuzulu. Nikiangalia ya Toledo, naona mimi nimepona.

Sasa mahudhurio. Chama kina wanachama 41 kwenye daftari. Kikao cha kusikiliza "Clamor" walikuja 8. Kikao cha "Fiat Lux" walikuja 6, mmoja wao alikuwa amekuja kuchukua sufuria yake. Kikao pekee kilichofikisha akidi bila kupigiana simu ni cha Desemba, ambacho kilikuwa na pilau. Naambiwa kazi ni nyingi, zamu za hotelini zimerudi, watoto wana shule. Mimi pia nina kazi, na chumba nakifungua mimi, viti napanga mimi, na nikimaliza nafagia mimi.

Ada ni euro 24 kwa mwaka. Zilitarajiwa euro 984, zimekusanywa 312, maana yake waliolipa ni 13. Deni la wanachama ni euro 672. Matumizi: chumba 180, santuri 96, chai na vitafunio 41, jumla 317. Zilizopelea ni euro 5, zimetoka mfukoni mwa mtu ambaye pia alinunua sindano.

Na kwa kuwa tumefika hapo, nisome jambo moja kutoka daftari la Dada Mweka Hazina. Kati ya wale 9 walioipigia "El Madrileño", waliolipa ada ni 4. Kati ya 6 walioipigia "Clamor", waliolipa ni 5. Kwa ibara ya 7 asiyelipa hana kura. Ningeamua kuwa mkali kweli, ningefuta kura za wadaiwa, na "Clamor" ingeshinda bila kugusa ibara ya 4 hata kidogo. Sikufanya hivyo kwa kutotaka kuwaaibisha watu mbele ya wenzao. Huyo ndiye dikteta wenu.

Matarajio ya mwaka 2022 ni mema, inshallah. Primavera Sound imetangazwa kurudi mwezi Juni kwa wikendi mbili, na tukijaaliwa tutakwenda kama kikundi, bei ikiruhusu. Tunatazamia pia kupata spika nzuri zaidi, kushirikiana na vikundi vingine vya hapa mjini, na pengine kuwa na siku ya akina mama. Rosalía ametangaza kwamba "Motomami" itatoka mwaka huu, nayo ni kwa Sony ileile. Nawaomba mapema msiniulize. Anayetaka ibara ya 4 ibadilishwe alete hoja kwa maandishi kwa Katibu, ikiwa na sahihi za wanachama kumi waliolipa.

Dada Mweka Hazina atakaa pale mlangoni hadi saa mbili na nusu usiku. Anapokea taslimu na Bizum, ile ya kutuma pesa kwa simu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti
Barcelona, Januari 2022