Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Wetu wa Kwanza Mtoni Trent

Ndugu wanachama wa chama chetu cha uvuvi wa ndoano, wazee wangu, dada na kaka zangu wa Nottingham na mnaotoka Derby na Leicester, habari za siku. Katiba yetu inasema mwenyekiti atoe taarifa kila mwaka kabla ya mkutano mkuu, ndo hii. Naomba muisome mpaka mwisho maana mwaka jana niliisoma ukumbini mbele ya watu tisa na viti vitupu, halafu wiki mbili baadaye naulizwa kwenye grupu mambo yale yale niliyoyaeleza pale.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitarefusha. Msimu wa kuvua tulifungua 16 Juni, ukingo tumesafisha mara mbili, siku ya watoto ilifanyika Agosti, futari tulikula pamoja, nyama choma ya Desemba ilinyeshewa lakini ililiwa yote. Picha anazo katibu. Asanteni kina mama mliopika.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndo mnalisubiri, yaani kuhama bwawani kwenda mtoni. Nimesikia mengi. Nimesikia mwenyekiti aliamua peke yake, nimesikia mwenyekiti ana urafiki na mwenye shamba la ukingoni, nimesikia hela za chama zimetupwa majini. Naomba niseme kwa utaratibu. Kikao cha Februari kamati ilikuwa na watu watano kati ya saba, akidi imetimia, wanne walikubali na mmoja alipinga, muhtasari upo na umesainiwa. Wawili ambao hawakuja walitumiwa taarifa siku kumi kabla. Kama mtu hakusoma ujumbe hilo siwezi kulibeba mimi.

Na hela ni hizi. Bwawani tulikuwa tunalipa pauni 1,150 kwa mwaka kwa siku mbili za wiki tu. Mtoni tunalipa pauni 900 kuanzia 16 Juni mpaka 14 Machi, siku zote, ukingo wetu wenyewe. Hapa Uingereza haki ya kuvua mtoni kwa kawaida ni ya mwenye ardhi ya ukingo, kwa hiyo bila kukubaliana naye huna pa kuweka kiti, na aliyeenda kukaa na yule mzee wa shamba akanywa naye chai mara kadhaa mpaka akashusha kutoka 1,200 ni mimi, kwa petroli yangu, na sijaandika risiti hata moja kwa mweka hazina. Tulibakiwa na 250 tukanunua wavu mkubwa wa kupokelea samaki, kigodoro cha kumlazia akitolewa ndoano, na majaketi manne ya kuokolea maisha. Kuna aliyeuliza majaketi ya nini. Trent ulivyofurika Januari 2024 baada ya dhoruba ile ya Henk wote tuliona maji yalivyoingia mashambani na majumbani, huo si mto wa kuchezea, na mimi sitaki kumpigia simu mke wa mtu usiku.

Lalamiko la kwanza: mtoni hakuna samaki. Si kweli. Samaki wapo ila hawajamwagwa kwa ajili yako. Bwawani mlikuwa mnavua karpu wale wale kila wiki, mpaka midomo imechanika, mtu anatupa peleti, vile vidonge vya chakula cha samaki, mbele ya miguu yake na dakika tano keshavuta. Trent ni mto wa karibu kilomita 300, unatoka kule juu Staffordshire, unapita Stoke, unapokea maji mengi ya Birmingham kupitia mto Tame, na kuna kipindi ulikuwa mchafu kiasi kwamba sehemu nyingi samaki waliisha. Viwanda vikabanwa, maji taka yakaanza kusafishwa vizuri zaidi, na hapa hapa Nottinghamshire kuna shamba la serikali la kuzalisha samaki pale Calverton ambalo linatoa vifaranga vya kurudisha mitoni, barbeli wakiwemo. Leo watu wanatoka kusini mwa nchi wanaendesha gari masaa matatu waje kumtafuta barbeli wa Trent, na sisi tunakaa dakika ishirini kutoka hapo tunalia hakuna choo na hakuna chipsi.

Shida ni kwamba watu wanafika, wanakaa palipo karibu na gari, wanarusha katikati ya mto kwa nguvu zote, basi. Mto unasomwa. Nilisema siku ya kufungua na narudia: tafuta pale maji ya kasi yanapokutana na maji ya pole, kuna kama mstari unaonekana juu ya maji, samaki anakaa upande wa pole anasubiri chakula kiletwe na ule wa kasi. Tafuta kokoto chini, ukiburuta chubwi, yaani kile kizito cha kwenye uzi, taratibu unasikia kwenye fimbo inagonga gonga, ukifika kwenye tope inateleza kimya. Barbeli anataka kokoto. Ana ndevu nne na mdomo uko chini kama wa kambare, anapapasa sakafuni. Chabu, samaki mwingine wa hapa, anapenda chini ya mti ulioinama, na kwenye ile miti mitatu ya mierebi baada ya geti la pili chabu wapo mwaka mzima, kijana wetu mmoja alimtoa pale mwezi wa kumi kwa kipande cha mkate tu.

Chambo nacho kilileta maneno. Wenyeji wanapenda sana ile nyama ya kopo kwa barbeli, na ile ni nguruwe, kwa hiyo kwa heshima ya wanachama wetu Waislamu niliamua sanduku la chambo la chama lisiwe nayo kabisa, anayetaka aje na yake na asiikate kwa mkasi wa chama. Wengine walinuna. Lakini jibini inafanya kazi, peleti zinafanya kazi, funza wanafanya kazi, na mbegu za hempu ndo mfalme wa Trent: unaziloweka usiku, unazichemsha mpaka zipasuke na kile cheupe kichomoze, unazimwaga kidogo kidogo kwa fida, yaani kile kikopo chenye matundu kinachofungwa kwenye uzi, baada ya saa moja unaona chini panang'aa ubavu wa samaki anayegeuka. Mzee wetu mmoja anatumia ugali mgumu aliousonga nyumbani, anaukanda na jibini, na samaki aina ya rochi aliowapata Novemba tumewaona wote.

Lalamiko la pili ndo kubwa, kurudisha samaki. Najua linauma. Tumekua Mwanza, Kisumu, Kigoma, Kilifi, samaki akivuliwa anapelekwa jikoni, na mtu akisikia umesimama kwenye baridi tangu asubuhi ukampata samaki wa kilo nne halafu ukamrudisha majini, anakuona huna akili. Mama mmoja aliniuliza mbele za watu, mwenyekiti, unatufundisha watoto wetu kutesa samaki? Swali zuri na nililijibu pale pale. Kwanza ni sheria. Mtoni Uingereza kwa siku unaruhusiwa kuchukua samaki wadogo 15 wasiozidi sentimita 20, na paiki mmoja asiyezidi sentimita 65, na wale greilingi wawili wa sentimita 30 mpaka 38, basi, na hapo ni kama mwenye ukingo karuhusu. Mwenye ukingo wetu hajaruhusu hata mmoja, ipo kwenye mkataba nilioubandika. Pili, barbeli mkubwa wa Trent anachukua miaka mingi kufika pale, ukimla leo umewala na watoto wake. Samaki wa kula wapo sokoni, na siku ya chama mimi mwenyewe nilinunua sato.

Halafu kurudisha si kutupa. Hili limenifanya niwe mkali na sitaomba radhi. Barbeli anapigana mpaka anaishiwa kabisa, ukimrudisha haraka analala ubavu anapelekwa na maji anakufa. Unamshika chini ya maji, tumbo chini, kichwa kikiangalia maji yanakotoka, mikono imelowa, unamwacha apumue, dakika moja, tano, hata kumi, unaona matamvua yanaanza kufunguka vizuri, mapezi yanasimama, halafu mkia unakupiga mkono mwenyewe anaondoka. Mwanachama aliyemshika barbeli juu ya majani makavu dakika kadhaa akitafuta mtu wa kumpiga picha nilimsimamisha mwezi mmoja. Kamati iliniunga mkono. Sasa nyumba ya kambare kila mtu ana sharubu, kila mtu alikuwa hakimu siku ile, lakini sheria tuliipitisha wote kwa mikono juu na mimi kazi yangu ni kuisimamia.

La tatu, vifaa ghali. Hapana. Fimbo ya mita 3.6, rili ya kawaida ya kuzungushia uzi, fida za gramu 60 mpaka 90, ndoano namba 10 zisizo na mwiba, unaanza. Mitumba ya fimbo ipo kila mahali. Anayetaka kuvua kwa boya na sentapini, ile rili ya gurudumu, aje nimuonyeshe, hii ndo namna ya Nottingham yenyewe, hapa ndo mafundi walikochonga zile rili za mbao zinazozunguka zenyewe mto ukivuta, unaweka kidole gumba ukingoni mwa rili unalizuia boya kidogo, chambo kinatangulia, boya linafuata. Ukizoea hutaki kingine. Na chubwi ndogo za risasi acheni jamani, tangu 1987 zimepigwa marufuku kwa sababu batamaji walikuwa wanazimeza na kufa kwa sumu, mtu asinipe hadithi kwamba alizileta kutoka nyumbani kwenye begi.

Leseni pia. Kila mwenye miaka 13 na zaidi anatakiwa awe nayo, wa 13 mpaka 16 anapewa bure, lakini lazima aichukue. Faini inaweza kufika pauni 2,500. Kuna mmoja wetu alikamatwa hana, akataka chama kimlipie. Nilikataa na ningekataa tena. Ada ya chama si leseni, nimeliandika hili kwenye kila tangazo.

Na wanaosema mto unafungwa miezi mitatu: ndiyo, 15 Machi mpaka 15 Juni samaki wanazaa, ni sheria. Mabwawa mengi yako wazi, nendeni, hakuna aliyewakataza.

Vitabu. Sanduku la vitabu ni wazo langu na najivunia nalo. Pauni 60 kwa vitabu 23 vya mitumba, ni bei ya bure. Kipo cha Izaak Walton, kilichapwa mara ya kwanza 1653 na bado mtu anakisoma akakuta anaongea habari za chabu na barbeli hawa hawa. Kipo cha Bernard Venables cha 1949 cha Bwana Crabtree na mwanae Peter, kilichotokana na katuni za gazeti la Daily Mirror, baba anamfundisha mtoto kuvua mwezi kwa mwezi, picha tupu, na nawaambia watoto wetu ambao huwa hawashiki kitabu, hicho wamekigombania. Binti wa miaka 11 alikisoma akaja mtoni akanionyesha yeye mahali pa kurusha, na akapata. Ila vitabu sita havijarudi tangu Septemba na wenye navyo wanajijua. Vile ni vya wote, vileteni.

Mahudhurio yamenisikitisha sana. Tuko 41 kwenye orodha. Siku za mtoni wastani ni watu saba au nane, kusafisha ukingo tulikuwa watano na mmoja ni mke wangu, nyama choma walikuja 53 na familia zao. Mtu hawezi kukosa kuja Januari kunisaidia kuvuta matawi yaliyoletwa na mafuriko halafu akaja Desemba na sahani. Sisemi kwa hasira, nasema kwa sababu mwenye shamba anaangalia, na akiona ukingo mchafu mkataba hauongezwi.

Ada: pauni 45, walipaji kamili 22, nusu nusu 8, hawajalipa kabisa 11, na kati ya hao 11 wanne ndo wanaongea zaidi kuhusu matumizi. Jumla iliyoingia ni pauni 1,170 na zawadi ya 200 kutoka kwa mwanachama asiyetaka jina. Imetoka 900 ya ukingo, 250 ya vifaa, 60 ya vitabu, 85 ya chambo cha siku ya watoto. Zimebaki 75. Mweka hazina ana kila karatasi, njooni mkague.

Mwaka ujao Mungu akipenda tuangalie uwezekano wa kupata kipande kingine huko chini zaidi, ikiwezekana karibu na Cromwell ambapo maji ya bahari yanaanza kupanda na kushuka, watu wanapasifia kwa samaki aina ya brimu. Tungependa pia tupate mtu wa kufundisha watoto mwenye cheti, na labda choo cha kukodi kwa siku kubwa, tukipata mfadhili.

Mkutano mkuu ni Jumapili ya kwanza ya Mei saa nane mchana, ukumbi ule ule. Ajenda ya mto ipo, itapigiwa kura, na mwenye ada kamili ndo anapiga. Nafasi ya uenyekiti pia iko wazi kwa anayeitaka, fomu anazo katibu, mimi nitagombea. Mkataba wa ukingo unatakiwa ulipwe kabla ya tarehe 1 Juni, kwa hiyo ada ziingie kabla ya hapo, akaunti ni ile ile, andikeni majina yenu kamili ili mweka hazina asibaki kubahatisha nani katuma.

Wenu,
Mwenyekiti