Maji Usiyoyahitaji

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia homa imekuacha. Kilichonitia wasiwasi ni hayo maji unayojilazimisha kunywa kutwa kucha, eti usafishe figo. Figo hazingoji kusafishwa, rafiki yangu. Zenyewe ndizo zinazosafisha.

Kwa siku moja, figo za mtu mzima mwenye afya huchuja kama lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, na mwili mzima una damu lita tano hivi! Majimaji yale yale huchujwa tena na tena. Mkojo unaotoka ni lita moja au mbili tu. Mengine yote hurudi kwenye damu, pamoja na sukari na karibu chumvi yote. Hili hunistaajabisha kila nikilifikiria: figo haitafuti taka ikaitupa. Chembe za damu na protini huziacha zibaki kwenye damu, vingine karibu vyote huvimwaga kwenye vijirija vyake, kisha huokota kile mwili unachokihitaji.

Ubongo ndio unaoamua maji yarudi kiasi gani. Damu ikizidi chumvi hata kidogo, unashikwa na kiu, na tezi iliyo chini ya ubongo hutoa homoni iitwayo vasopresini. Ikifika kwenye figo, vijirija hufungua vinjia vya maji, maji yanarudi mwilini, na mkojo unakuwa kidogo, wa njano iliyokolea. Ndivyo ulivyo mkojo wa asubuhi, kwa sababu usiku hunywi kitu. Huo uliokutisha si ugonjwa.

Lakini figo zina kikomo. Ukinywa maji kwa kasi kuliko zinavyoweza kuyatoa, sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi) katika damu hushuka na maji huingia ndani ya seli. Seli za ubongo zikivimba, fuvu halitanuki. Huanza kichwa kuuma na kichefuchefu, kisha mtu huchanganyikiwa, hupata degedege, na wapo waliokufa. Ndiyo maana uliponiandikia kwamba kichwa kinakuuma na bado unaongeza maji, sikulala vizuri.

Tafadhali, kunywa unaposikia kiu. Ukiharisha, ongeza maji yaliyochanganywa na dawa ya chumvi na sukari (ORS), si maji matupu. Na kesho nenda ukapimwe sodiamu na kreatinini, taka ya mwili ambayo figo huitoa kwenye damu. Figo huweza kudhoofika muda mrefu bila dalili, kwa hiyo kipimo hicho hakitakuwa cha bure. Majibu yakitoka niandikie siku hiyo hiyo.

Akupendaye,
Rafiki yako