Malalamiko: Difu ya Mbele Niliyoilipia na Hamkuigusa

Meneja Mkuu,
Eneo la Viwanda,
Nairobi.

13 Mei 2025

Bwana Meneja,

MINTARAFU: KULIPISHWA DIFU MBILI NA KUBADILISHIWA MOJA, NA KUDHALILISHWA KWENYE KAUNTA YENU

Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima hiyo sikuipata kwenu Jumatatu ya tarehe 5 Mei. Kadi ya kazi mnayo, ankara mnayo, na masharti ya dhamana mliyaandika wenyewe, kwa hiyo sitayarudia. Nililipa karakana yenu shilingi 160,000 ili mbadilishe difu mbili za pikapu yangu, ya mbele na ya nyuma, yaani gia zinazopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Mlibadilisha moja.

Meno ya gia hizo yalihesabiwa na fundi mwingine, si wenu, nikiwa nimesimama hapo hapo. Krauni ya nyuma, ile gia kubwa ya difu, ina meno 41, na pinioni yake, gia ndogo inayoizungusha, ina 9, yaani uwiano wa 4.56 kama tulivyokubaliana. Ya mbele ina meno 41 na pinioni yake 10. Hiyo ni 4.10, ile ile ya kiwandani. Boliti za mbele zilikuwa bado na rangi yao ya zamani, hakuna alama ya spana hata moja, na oili iliyomwagika humo ilikuwa nyeusi kama lami. Lakini ankara yenu ina seti mbili za krauni na pinioni, kila seti 48,000. Ina beringi, sili na shimu za 22,000, ufundi wa 36,000, oili ya 6,000. Seti ya pili iko wapi, Bwana Meneja?

Msiniambie fundi alikosea. Yule fundi mwingine aliyefungua difu ya nyuma alinionyesha alama za meno zilivyokaa katikati, akasema aliyeifunga anaijua kazi yake. Mnaijua kazi. Hilo ndilo linaloniuma.

Na sababu ya kazi yenyewe ni ninyi mlionieleza. Tairi la 265/70R16 lina kimo cha milimita 777. Haya ya 285/75R16 mliyonifungia Februari yana 834. Tairi likikua hivyo linameza barabara zaidi kwa kila mzunguko, na injini inalisukuma kwa taabu, kana kwamba ile difu ya 4.10 imegeuka kuwa 3.82, yenye nguvu ndogo zaidi. Niliyaona. Pikapu iliyokuwa ikipanda vilima vya Njabini na magunia ishirini ya viazi kwa gia ya tatu ikawa inataka ya pili, klachi ikinuka hadi ndani ya kebini. Mkasema 4.40 ingerudisha nguvu ya awali, ila kwa kuwa gari linabeba mzigo kila siku, 4.56 ni bora. Nikakubali. Na nilipouliza kama ya mbele ni lazima, mlinijibu kwamba gari la fowili, linaloweza kusukumwa na magurudumu yote manne, haliwezi kuwa na difu mbili tofauti, litajivunja. Maneno yenu hayo. Dereva wangu aliyasikia.

Tarehe 29 Aprili likajivunja.

Mvua ilikuwa imenyesha Kinangop usiku kucha. Dereva alipakia, akafika penye tope, akaingiza fowili kama dereva yeyote angefanya. Ndani ya tope lilitembea, kwa sababu magurudumu yalikuwa yanateleza. Lilipotoka na kushika changarawe ngumu, likaanza kujivuta na kujikaza, halafu kishindo. Mnajua kwa nini. Fowili ikiingia, propela ya mbele na ya nyuma, zile shafti zinazozungusha difu, zinafungwa pamoja na kuzunguka sawa. Kwa difu mlizoniachia, nyuma ikienda mita 100, mbele inataka kwenda mita 111. Moja lazima iburutwe, na magurudumu yasipoteleza, chuma ndicho kinachokubali kuvunjika. Kilichovunjika ni gia za transfa, lile sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma. Gari lilisimama pale na viazi vya watu, nikalipa shilingi 18,000 livutwe hadi Nairobi.

Jumatatu ile nilikuja na vipande vya meno ya gia hizo za transfa kwenye mfuko. Nilisimama kauntani, dereva wangu kando. Msimamizi wenu wa karakana hakunitazama. Alimgeukia dereva akamuuliza, "Mzee, huyu mama ameambiwa nini huko?" Dereva akamjibu, "Mwenye gari ni mama." Msimamizi akaendelea kuongea na dereva. Nikaweka mfuko juu ya kaunta, nikasema nataka difu ya mbele ikaguliwe mimi nikiwepo. Akasema, macho bado kwa dereva, "Mwambie mambo ya difu si mambo ya soko. Amlete mume wake tuongee." Kisha akausukuma mfuko kwa mgongo wa mkono, ukaanguka chini, vipande vikatawanyika.

Mimi ndiye niliyelinunua gari hilo. Sahihi iliyo kwenye kadi ya kazi ni yangu, na pesa zilitoka kwenye simu yangu kwa M-Pesa, jina langu limo kwenye ujumbe mliopokea. Alipokuwa akipokea pesa hakuuliza mume.

Tena niliwatii. Nilipolichukua gari tarehe 12 Aprili mliniambia meno mapya yanataka kuzoeana, nisibebe mzigo kwa kilomita 800, na oili ya difu ibadilishwe zikiisha. Nilifanya hivyo kwa ukamilifu. Gari lilizunguka tupu huku nikikodi kanta, lori dogo la watu, kupeleka viazi soko la Wakulima, kila safari shilingi 9,000, kwa sababu nilitaka kulinda kazi yenu. Siku zote hizo lilikuwa likienda kwa magurudumu ya nyuma pekee, na gari likienda hivyo kosa la mbele haliwezi kujitokeza. Mlijua litajitokeza siku ya kwanza ya tope. Mimi naishi na tope! Kuhusu spidi mita mliyoahidi kurekebisha, sitaki hata kuanza.

Lazima nirudi kwenye kaunta, kwa sababu sehemu yangu bado iko pale.

Wateja wengine wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi. Mmoja alicheka. Mfuko ulipoanguka, hakuna mtu wenu aliyesogea. Nikainama. Nina miaka 52, na sikuwahi kuinama mbele ya mwanamume yeyote kuokota kitu alichokitupa yeye. Niliokota kipande kimoja kimoja, kwa sababu ndio ushahidi wangu, na kimoja kilikuwa kimeingia chini ya kiti cha mteja, ikabidi nimwombe ainue mguu. Dereva wangu alitaka kuinama nikamkataza. Sikutaka msimamizi wenu aone mwanamume akinimalizia jambo. Vilikuwa vipande saba. Binti wa risiti aliangalia chini, akasema "pole" kwa sauti ndogo. Huyo namshukuru, na naomba asiadhibiwe kwa hilo. Nilipoinuka na kipande cha saba, msimamizi alikuwa ameshanipa mgongo, anaongea na simu. Anamwambia mtu bei ya difu.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa tayari kuyamaliza kwa wema. Nilitaka mfunge ile seti ya mbele niliyoilipia na kutengeneza transfa, basi. Hata hasara ya kanta ningeinyamazia. Sasa sitaki mafundi wenu waliguse gari langu. Nataka shilingi 160,000 zirudi zote, pamoja na difu ya nyuma, kwa sababu nyuma peke yake bila mbele haina faida kwangu na ndiyo iliyovunja gari. Nataka shilingi 85,000 za kutengeneza transfa, kama nilivyopewa bei na fundi mwingine. Nataka 18,000 za kuvutwa, na 54,000 za kanta kwa safari sita tangu gari lisimame. Jumla ni shilingi 317,000, na kila safari nitakayokodi kuanzia leo inaongezwa juu yake.

Na nataka msimamizi huyo aniombe radhi kwenye kaunta hiyo hiyo, wateja wakiwepo, akizungumza nami na si na dereva wangu. Nilipoanza barua hii sikuwa nimeliweka hilo. Nimelifikiria nikiwa naandika, na sitalitoa.

Nilikuwa nimewapa siku kumi na nne. Nimepunguza. Ni siku saba, hadi Jumanne tarehe 20 Mei, saa kumi jioni. Baada ya hapo nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, ambayo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, na hili langu linaingia humo na kubakiza nafasi. Nitabeba ankara yenu, ujumbe wa M-Pesa, picha za boliti zisizoguswa, maelezo ya fundi aliyehesabu meno, na ule mfuko. Kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa haki ya huduma ya ubora unaofaa na fidia ninapopata hasara, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ipo. Nakala ya barua hii nitaipeleka Mamlaka ya Ushindani siku hiyo hiyo. Pia kuna wafanyabiashara wenzangu wa Wakulima wenye pikapu, na wengi wao wananiuliza gari langu liko wapi. Hadi leo sijawajibu.

Majibu yenu myaandike kwa karatasi, yaje kwangu. Msimpigie dereva.

Mwenye gari