"Tayari" ya kompyuta si moja

Mhariri,

Safu yenu ya teknolojia iliwaambia wasomaji kwamba ukibonyeza kitufe cha kuhifadhi, data huandikwa papo hapo kwenye diski. Naomba nafasi ya kusahihisha, kwa sababu watu wanapoteza mafaili yao kwa kuamini hivyo.

Programu haizungumzi na diski. Inaikabidhi data keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, nayo huiweka kwenye kumbukumbu ya muda (RAM), ambayo hufutika umeme ukikatika, na kujibu "tayari" wakati diski haijaguswa. Katika mfumo endeshi wa Linux, kwa mipangilio ya kawaida, data inaweza kukaa humo sekunde 30 au zaidi kidogo. Baadaye ndipo hutengenezwa ombi: andika, anzia sekta fulani (kipande kidogo cha diski), baiti kadhaa, kutoka kurasa hizi za kumbukumbu.

Ombi nalo hupanga foleni, na foleni hiyo ina maana yake. Sahani ya diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8 na kitu. Kuhangaisha kichwa cha kusomea huku na huko ni hasara kubwa, ndiyo maana maombi ya sekta zinazopakana huunganishwa kuwa moja. Kipanga foleni cha Linux kiitwacho mq-deadline hulipatia ombi la kusoma kikomo cha kusubiri cha nusu sekunde, na la kuandika sekunde 5. Napenda busara hiyo, kwani kwa kawaida programu inayosoma imesimama ikisubiri.

Mwisho ombi hufika kwa draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, ambayo hulipeleka kwenye kifaa kisha kuiarifu keneli kwamba limekamilika. Niliwahi kuandika draiva ndogo ya kujifunzia, ikatoa taarifa hiyo kabla data haijanakiliwa. Kasi yake ilinifurahisha mno, mpaka nilipofungua mafaili nikakuta sifuri tupu. Siku tatu nilitafuta kosa kwingine kabisa.

Hata diski yenyewe ina kumbukumbu yake ya muda, nayo huweza kusema "tayari" data ikiwa bado humo. Kwa hiyo programu inayotunza vitu vya thamani sharti iite amri ya fsync na kusubiri jibu. Hapo keneli husukuma data yote ya faili hilo na kuiamuru diski imwage kilichobaki.

Tafadhali chapisheni sahihisho, na mwambieni msomaji aondoe flashi kwa amri ya kompyuta kwanza, kisha ndipo aichomoe.

Msomaji wenu,
Fundi wa programu