Barua ya Malalamiko: Tulilipia Kisiwa, Tukapewa Ufuko

Sinza,
Dar es Salaam.

Meneja wa Safari.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA MBUDYA YA JUMAMOSI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nililipia kwenu safari ya siku moja ya kisiwa cha Mbudya, mimi na mume wangu, watoto wetu wawili na mama mkwe. Tangazo lenu bado ninalo kwenye simu. Linasema boti inaondoka Kunduchi saa 2:30 asubuhi, wageni watazungushwa kisiwa kwa miguu na mwongozaji wakati maji yamekupwa, na shilingi 85,000 za mtu mzima zinajumuisha kiingilio cha hifadhi.

Boti iliondoka saa 4:45. Hakuna aliyetuomba radhi wala kutueleza sababu. Nataka mwelewe kwa nini ucheleweshaji huo uliharibu safari nzima. Usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo bahari ilikuwa na bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Muulizeni mvuvi yeyote wa Kunduchi: siku za bamvua maji hukupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha yanaanza kujaa mpaka alasiri. Bila shaka ndiyo sababu tangazo lenu liliweka saa 2:30. Tulipomaliza kushuka maji yalikuwa yameshageuka, na mwongozaji hakuwepo. Kijana wa boti alituonyesha mabanda ya makuti na wauza samaki, akatuambia tujizungukie wenyewe. Tulijaribu. Kabla hatujafika upande unaotazama bahari kuu, mawimbi yalikuwa yanapiga kwenye miamba, ikabidi turudi.

Mama mkwe amezaliwa kisiwani Mafia. Udogoni alikuwa akifuatana na mama yake pwani maji yakipwa, na jambo aliloliomba katika safari hii lilikuwa kuwaonyesha wajukuu viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, na majongoo bahari kwenye vidimbwi. Magoti yake hayamruhusu kwenda mbali, ndiyo maana tulichagua safari yenye mwongozaji anayejua njia. Alikaa bandani siku nzima. Hilo limeniuma kuliko fedha.

Kuhusu fedha, tulipofika kisiwani tulidaiwa kiingilio upya. Kijana wenu akasema yeye hana habari ya malipo, tukalipa mara ya pili.

Mbudya, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ni eneo tengefu la bahari tangu mwaka 1975. Nahodha wenu alitupa nanga juu ya matumbawe mbele ya macho yangu, ilhali palikuwa na mchanga mtupu hatua chache pembeni. Nilipomwambia, alinijibu, "Mama, hayo ni mawe tu." Tumbawe ni kiumbe hai, na aina nyingine hukua milimita chache tu kwa mwaka. Bahari ya Dar es Salaam imepigwa baruti na wavuvi haramu miaka mingi. Kampuni inayokula kwa uzuri wa bahari hiyo haina haki ya kuimalizia kwa nanga.

Sasa nije kwenye safari ya kurudi, ambayo nisingeiandika kwa utulivu huu kama isingeishia salama. Boti ina maandishi ubavuni: abiria 20. Nilihesabu watu 31, bila mabaharia. Majaketi okozi hayakutosha, na ya watoto hayakuwepo kabisa. Binti yangu wa miaka sita alivalishwa la mtu mzima, likawa linampanda mpaka masikioni kila alipoinua mikono. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, kusi linavuma, maji yanaingia ndani ya boti, na nahodha anaongea na simu. Meli ya abiria MV Skagit iliondoka jiji hili hili kwenda Zanzibar Julai 2012, msimu huu huu wa kusi, ikiwa imezidisha abiria, ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Mnaofanya biashara ya boti hapa hamwezi kusema hamkuwahi kusikia.

Ninadai mrudishe kiingilio tulicholipa mara ya pili, pamoja na nusu ya nauli kwa ajili ya matembezi ambayo hayakufanyika. Ninadai pia maelezo ya maandishi: nani aliruhusu boti ile kupakia watu 31, na lini mtanunua majaketi ya watoto. Nimeambatisha risiti, picha ya tangazo na picha ya maandishi ya ubavuni. Nisipopata majibu ndani ya siku 14, suala la fedha nitalipeleka Tume ya Ushindani.

Suala la boti sitalisubirisha. Nakala ya barua hii naipeleka leo TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, kwa sababu kwa mujibu wa tangazo lenu boti hiyo inapakia wageni tena Jumamosi.

Mteja wenu,
Sinza.