Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Mwanafunzi Apimwe Namna Anavyomsikiliza Mgonjwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: KUPIMA UWEZO WA WANAFUNZI WA AFYA KUHUDUMIA WAGONJWA WA MILA, IMANI NA LUGHA MBALIMBALI

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mkufunzi wa uuguzi na ukunga katika Mkoa wa Manyara. Ninaomba kwamba katika mapitio yajayo ya mitaala ya vyuo vya afya vya ngazi ya kati, uwezo wa mwanafunzi kumsikiliza mgonjwa mwenye mila, imani au lugha tofauti na yake upimwe katika mtihani wa vitendo, kama unavyopimwa uwezo wake wa kupima shinikizo la damu au kumzalisha mama. Sisemi kwamba jambo hili halifundishwi. Linaguswa katika mada za mawasiliano na maadili, mwanafunzi analijibu kwenye karatasi, kisha analiacha darasani siku anapovaa sare kwenda wodini.

Ukitoka Babati kwenda Mbulu na Hanang, hadi Simanjiro na Kiteto, utawakuta Wairaqw ambao lugha yao ni ya Kikushi, Wadatoga na Wamaasai wenye lugha za Kinailoti, Wambugwe na Warangi ambao ni Wabantu, na huko Yaeda Chini utawakuta Wahadzabe, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Wanafunzi nao wanatoka kila pembe ya nchi. Binti aliyekulia Mtwara anaweza kuanza zamu yake ya kwanza ya leba akiwa na mama wa Kidatoga anayesikia Kiswahili kwa shida, na kuanzia hapo kila mmoja anamwogopa mwenzake.

Hata hivyo, mfano ninaoutumia zaidi darasani hauhusu kabila moja, nao ni wa degedege. Kitabibu, mtoto mdogo mwenye homa kali anayekakamaa na kutupa mikono na miguu huenda ana malaria kali, na kuchelewa kumtibu kunaweza kumuua au kumwachia madhara ya ubongo. Lakini watafiti waliofanya kazi Bagamoyo na katika bonde la Kilombero waliandika jambo ambalo wauguzi wengi wa zamani walilijua bila kusoma: wazazi wengi walijua kwamba malaria inaletwa na mbu na inatibiwa hospitali, ila degedege waliliona kuwa ugonjwa mwingine kabisa, wa kishetani, unaotaka mganga na mafusho kwanza, na ambao mtoto akichomwa sindano anaweza kufa. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba tatizo ni ujinga atamhubiria mama habari za mbu. Mama ataitikia kwa heshima, kwa kuwa hakuna alichokuwa anabishia, na siku mtoto akikakamaa usiku atapelekwa kwa mganga. Mwanafunzi aliyefundishwa kuuliza atagundua kwamba hofu ya mama iko kwenye sindano, na mazungumzo yataanzia hapo.

Maswali yenyewe si mageni. Mwaka 1978 Arthur Kleinman, daktari wa magonjwa ya akili na mwanaanthropolojia wa Marekani, yeye na wenzake walipendekeza mgonjwa aulizwe anadhani ugonjwa wake umesababishwa na nini, kwa nini umeanza wakati ulipoanza, anaogopa nini zaidi, na anategemea tiba ya namna gani. Kwa mazingira yetu ningeongeza moja: nyumbani ni nani mwenye kauli ya mwisho kuhusu matibabu? Mara nyingi tunamwelekeza mama kwa kirefu, wakati uamuzi wa kukubali rufaa uko kwa baba mkwe aliyekaa nje chini ya mti.

Wasiwasi wangu ni kwamba wizara ikilikubali ombi hili, njia rahisi itakuwa kuandika kitini chenye sura ya kila kabila: Wamaasai hufanya hivi, Wasukuma huamini vile, Waislamu hawataki lile. Naomba kitini hicho kisiandikwe. Nchi ina makabila zaidi ya 120, na mwanafunzi aliyekariri kwamba Mmaasai ni mfugaji hatajua la kufanya atakapokutana na Mmaasai mlokole, mlinzi wa Dar es Salaam, mwenye simu mbili na kisukari. Melanie Tervalon na Jann Murray-García, madaktari wa Marekani, walilieleza tatizo hili mwaka 1998. Walitaka mhudumu afundishwe unyenyekevu wa kujikagua na kuendelea kujifunza kwa mgonjwa maisha yake yote, badala ya kujiona amehitimu utamaduni wa watu wengine. Yapo ya kujulishwa mapema, kwa mfano kwamba mgonjwa wa kisukari anayekusudia kufunga Ramadhani anahitaji mpango wa dawa kabla mwezi haujaandama. Lakini anayejua kama atafunga ni yeye mwenyewe, si jina lake.

Lugha inanisumbua zaidi ya yote. Mwanafunzi husoma kwa Kiingereza, humhoji mgonjwa kwa Kiswahili, na mgonjwa huenda anafikiri kwa Kiiraqw. Wodini mkalimani ni yeyote aliye karibu: mfanya usafi, mgonjwa wa kitanda cha pili, mtoto wa darasa la tano. Nimeshuhudia mama akiulizwa kuhusu uzazi wa mpango kupitia kwa mama mkwe wake, na kadi ikajazwa kana kwamba aliyejibu ni mama mwenyewe. (Jibu, kama unavyotarajia, lilikuwa kwamba hataki.) Sijawahi kumwona mwanafunzi akipewa alama kwa kumwomba mama mkwe asubiri nje na kumtafuta mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejua wajibu wa kutunza siri.

Wapo watakaosema kwamba kuheshimu mila ni kuufungulia mlango ukeketaji. Sikubaliani nao. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, na mkunga hana ruhusa ya kuipindisha. Lakini katika sehemu za Dodoma na Singida, maambukizi ya sehemu za siri ya watoto wa kike, yaliyoitwa lawalawa, yaliaminika kuponywa kwa ukeketaji. Mama aliyemleta mtoto wa namna hiyo zahanati alikuwa anatafuta tiba. Akikemewa, ataondoka na kumpeleka kwa ngariba. Akisikilizwa, mtoto atapata dawa, na mama ataona kwa macho yake kwamba amepona bila kukatwa.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 81 ya uzazi ulifanyika katika vituo vya afya, kutoka asilimia 63 katika utafiti wa 2015-16. Hayo ni mafanikio makubwa, na sehemu ya kuyalinda ni namna mama anavyopokewa leba. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kwamba mama achague mkao wa kujifungua na awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wa kukaa naye leba, lakini wanafunzi wengi bado wanahitimu wakijua kumzalisha mama aliyelala chali tu. Tena mwanafunzi huiga. Mkufunzi akifundisha asubuhi kwamba mama asifokewe, na mchana mwanafunzi akamkuta muuguzi mwandamizi akimfokea mama kwa sababu ya hirizi kiunoni, somo atakaloondoka nalo ni la mchana. Kwa hiyo wasimamizi wa wanafunzi wodini nao wanahitaji mafunzo haya, ikiwezekana kabla ya wanafunzi wenyewe.

Gharama yake si kubwa. Katika mtihani wa vitendo ingetosha kuongeza kituo kimoja, ambapo mwanakijiji aliyeandaliwa na kulipwa posho anakuwa mgonjwa, naye anaulizwa baadaye kama alisikilizwa, na jibu lake linahesabiwa katika alama. Wazee wa mila na wakunga wa jadi waalikwe darasani kama walimu, kwa posho ileile wanayopewa wageni wengine.

Mimi na wakufunzi wenzangu tumeandaa rasimu ya kituo hicho cha mtihani pamoja na fomu ya alama, na chuo chetu kiko tayari kukijaribu kwa muhula mmoja. Tunaomba kuelekezwa ofisi ya wizara yako tutakayoikabidhi rasimu hiyo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkufunzi wa Uuguzi na Ukunga,
Manyara.