Tiba ya matamshi kwa simu Pemba: wataalamu vijana wasiachwe peke yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi walimu wa elimu mjumuisho tunakutana nalo kila siku madarasani: watoto waliochelewa kuzungumza, wenye kigugumizi, wenye usonji au waliozaliwa na kaakaa lililopasuka, ambao wanahitaji mtaalamu wa matamshi na lugha na hawampati. Fani hii bado ni changa katika ukanda wetu. Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda kilianza kuifundisha mwaka 2008, na wengi wa wataalamu tunaobahatika kuwapata ni vijana ambao ndio kwanza wanaanza kazi.

Kwa Pemba, yenye watu zaidi ya 540,000 kwa hesabu ya Sensa ya mwaka 2022, tiba mtandao, yaani mtaalamu kumhudumia mtoto kwa simu ya video, ni msaada mkubwa, nami naiunga mkono bila ya kusita. Mzazi wa visiwa vidogo vya Kojani au Kisiwa Panza anayetakiwa kumfikisha mwanawe kwa mtaalamu Unguja hupanda mashua, kisha daladala, kisha boti, na tiba ya matamshi si sindano ya mara moja. Inataka kurudiwa wiki hadi wiki. Wengi huenda mara ya kwanza, nauli ikawashinda ya pili, wakarudi kwenye maneno tuliyoyazoea ya kwamba mtoto atasema tu, kwani hata baba yake alichelewa.

Mzazi mmoja wa mwanafunzi wangu aliniruhusu nikae naye wakati wa kikao cha tiba kwa simu. Simu iliegemezwa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, kwa hiyo mtaalamu, binti aliyekuwa Dar es Salaam, aliona boriti za nyumba na paji la uso la mtoto. Alianza kwa kuonesha picha ya treni. Mtoto hakuitambua, na wala si ajabu, kwa sababu treni ataiona wapi? Hapo ndipo mama, aliyekuwa akichambua karafuu huku amepakata sinia, alipouliza, “Mwanangu, tushike nini sasa, picha au karafuu?” Binti yule akaiweka picha kando. Akamwomba mama abane karafuu kwenye kiganja, amtazame mtoto na anyamaze, asimpe mpaka aombe kwa namna yoyote, iwe kwa sauti au kwa mkono. Mama alitaka kusema kwa niaba ya mwanawe, akajizuia. Mtoto akamvuta kidole, akatoa sauti ya “pa”, akafunguliwa kiganja. Wakarudia, mara hii kwa makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, na mama akawa anasubiri bila ya kukumbushwa.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu kazi yenyewe ndiyo hiyo. Anayefundishwa kupitia simu, kwa sehemu kubwa, ni mzazi ambaye yuko na mtoto tangu alfajiri hadi usiku, na mtaalamu kijana anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri sana.

Yapo, hata hivyo, mambo ambayo hapaswi kubebeshwa peke yake. Mtoto asiyesema lazima apimwe usikivu kwanza, na simu haiwezi kuchukua nafasi ya kipimo hicho. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayepaliwa kila anapolishwa anahitaji mjuzi wa kumtazama ana kwa ana, kwani chakula kinachoteremka kwenye mapafu huleta nimonia. Hata sauti ina mitego yake: simu yenye mawasiliano hafifu humeza kwanza sauti kama s, f na th, na anayeanza kazi anaweza kuandika kasoro ya mtoto pale ambapo kasoro ni ya mtandao. Ni bora mama arekodi video fupi wakati wa mchezo au wa chakula, aitume baadaye mtandao ukitulia, na video hiyo isiishie kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wasiohusika. Isitoshe, mtaalamu asiyekijua Kipemba anaweza kumsahihisha mtoto anayesema vilevile kama bibi yake.

Ninachoomba ni kwamba kila mtaalamu kijana anayehudumia Pemba kwa simu awe na msimamizi mzoefu anayeingia katika baadhi ya vikao, anayepitia kumbukumbu zake na anayepatikana siku hiyohiyo mambo yanapomzidi. Tunapenda sana kukabidhiana vishikwambi mbele ya kamera, lakini kishikwambi hakijibu swali la kijana aliyemwona mtoto akibanwa na pumzi upande wa pili wa kioo.

Na upande wa mtoto nako awepo mtu. Tayari tunao wahudumu wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya, wanaozitembelea nyumba zenye watoto wadogo Unguja na Pemba wakiwa na simu za kazi. Wakifunzwa mambo machache, kama vile kwamba mtoto wa miaka 2 anatarajiwa kuunganisha maneno mawili, watawagundua watoto hawa mapema kabla hawajatufikia skuli, na watamsaidia mama kuiweka simu mahali panapoonesha mdomo wa mtoto. Gharama ya bando isiachiwe mzazi. Ratiba nazo zifuate maisha ya watu, maana msimu wa karafuu familia nzima huhamia kwenye kambi za kuchuma karafuu, na mama asiyepokea simu wiki hizo asiandikwe kuwa amekataa tiba.

Naziomba Wizara ya Afya na Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali zikae pamoja na Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar kabla ya kuidhinisha mradi mwengine wowote wa tiba mtandao kwa watoto, na zimtake mwenye mradi ataje kwa maandishi nani ni msimamizi na anapatikana saa ngapi. Namba yake ya kazi ibandikwe katika kila kituo cha afya kitakachohusika, ili wazazi nao waijue.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa elimu mjumuisho,
Wete, Pemba